Zamu ya Maji: Mume na Mke Wageni Mjini Maskati

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Haipiti Ijumaa siku hizi bila ya mimi kuulizwa habari za Ghuba. Baba huja na barua ya kazi ya mwanawe, mama huja kuuliza kama ni vyema bintiye amfuate mumewe huko. Masuala huwa ni yale yale: mshahara ni kiasi gani, nyumba yalipwa na nani, tikiti ya kurudi ipo au haipo. Ni masuala ya haki, wala siyalaumu. Lakini liko suala moja ambalo sijaulizwa hata mara moja, nami mwenyewe sikulijua mpaka nilipofundishwa na binti niliyemsomesha juzuu amma akiwa mdogo. Suala lenyewe ni hili: watakapofika huko, siku zao zitapitaje?

Kisa nitakachokieleza ni cha mume na mke wa hapa kwetu Mombasa. Nimepewa idhini na wote wawili, kwa sharti nisiwataje majina, nami nitalitimiza sharti hilo.

Niliwafungisha nikaha mimi mwenyewe. Bwana alikuwa karani wa bohari, kijana mwenye bidii na mchache wa maneno. Bibi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, asubuhi skuli na jioni madrasa, na hapakuwa na mtoto wa mtaa ule asiyemwamkia njiani. Miezi mitano baada ya harusi bwana akapata kazi katika bohari ya kampuni moja mjini Maskati, na bibi akamfuata kwa viza ya kujiunga na mumewe. Viza hiyo humpa mke haki ya kuishi nchini, lakini haimpi ruhusa ya kufanya kazi ya mshahara. Walifika mwezi wa Mei, joto la Omani linapoanza kupanda.

Nalieleze joto hilo, kwani msomaji wa Pwani aweza kudhani ameshalijua. Joto letu lina upepo wa bahari, lina mvungu wa mwembe, lina baraza. Kule, miezi ya kiangazi, kipimo hupita nyuzi 40, na milima ya mawe matupu iliyouzunguka mji hulipokea jua mchana na kulirudisha usiku. Serikali yenyewe imeweka sheria kuwa mfanyakazi wa nje, tangu Juni hadi Agosti, apumzishwe kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Basi ikiwa mwashi hatoki, mke asiye na gari wala jamaa atatoka kwenda wapi?

Mwezi wa Agosti nilipigiwa simu na baba wa binti. Alisema, "Sheikh, mwanangu amefunga sanduku. Asema arudi." Nikamtaka binti kwa simu. Tulizungumza dakika nne, nakumbuka kwa sababu mwito wa magharibi ulikuwa karibu. Nikamuuliza: anakupiga? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Anaswali? Anaswali. Nikamwambia, "Basi subiri, mwanangu. Ugeni ni mtihani." Akanijibu, "Inshallah, Maalim," nami nikaenda zangu msikitini nikiamini kuwa nimesuluhisha jambo.

Mwezi wa Novemba Mwenyezi Mungu akanijaalia Umra, na katika kurudi nikapitia Maskati nikakaa kwao siku kumi. Nyumba yao ilikuwa Ruwi, mtaa wa biashara wenye majengo marefu na maduka ya Wahindi, ghorofa ya tatu. Ilikuwa safi, kila kitu mahali pake. Dirisha la sebuleni lilitazama uwanja wa kuegeshea magari na ukuta wa mlima. Bwana aliondoka kabla ya jua kuchomoza na akarudi baada ya magharibi, amechoka, akala, akaitazama simu yake, akalala. Siku ya pili, tukinywa chai, nilimuuliza binti: "Mwanangu, siku yako waipitishaje?"

Akasema, "Nahesabu adhana, Maalim. Baada ya alfajiri nangojea adhuhuri, baada ya adhuhuri nangojea alasiri."

Wallahi neno lile lilinichoma. Yule aliyekuwa akiamkiwa na mtaa mzima, sasa hakuitwa jina lake na mtu yeyote tangu asubuhi hadi usiku. Nami nilimtajia subira kwa dakika nne na saa mkononi. Subira ni ibada kubwa, lakini nilikuwa nimeitumia kama kifuniko cha chungu, nisione kinachoungua ndani.

Usiku ule tuliketi watatu. Sikuwauliza nani mwenye makosa, nilimuuliza bwana jambo moja tu: "Mara ya mwisho kutoka na mkeo ni lini?" Akasema hutoka naye kila Ijumaa, huenda kununua mchele, mafuta na sabuni katika duka kubwa. Binti akainamisha kichwa. Bwana akaendelea, kwa unyenyekevu, kuwa matembezi yataka fedha. Kuwa yeye humpelekea mamake posho kila mwezi na hulipa karo ya nduguze wawili. Na kuwa kila anapotaka kutoa riali moja mfukoni, huigeuza shilingi kichwani, mkono ukarudi. Wasomaji wenye watu ugenini wanaifahamu hesabu hiyo. Riali moja ya Omani ina baisa 1000, na ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Ukiigeuza shilingi kila mara, hata kikombe cha chai kitakuwa kizito kukiinua.

Binti akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia: "Sikuombi dhahabu. Nakuomba uniambie, twende."

Hapo niliwakumbusha sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa kuwa katika safari alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na Bibi Aisha akamshinda, kisha baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Imepokewa vilevile kuwa Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, Mtume alisimama akimsitiri ili atazame, wala hakuondoka mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Mtu huyu alikuwa na umma mzima mabegani mwake, na bado mkewe alikuwa na fungu katika wakati wake. Na sisi wenye bohari na duka twasema hatuna nafasi?

Kuhusu fedha, nilimwambia bwana kuwa wema kwa mama ni mlango wa kheri, naye asiufunge. Lakini nafaka ya mke si masazo ya mshahara, na mambo haya hupangwa kwa kukaa pamoja na kuhesabu pamoja. Ilidhihiri kuwa binti hakuwahi kuambiwa mumewe hupeleka nyumbani kiasi gani. Alipoambiwa, hakukasirika. Alichukua kalamu, na katika matumizi ya nyumba akapata mwenyewe pa kupunguza.

Ijumaa ya kwanza, baada ya alasiri, tulikwenda Matrah kwa basi jekundu la umma. Ni mwendo mfupi tu kutoka Ruwi, na ghafla mlima unafunguka, bahari hiyo mbele yako. Binti alikuwa amekaa miezi sita nyuma ya mlima ule ule, na bahari ameipitia mara mbili tu, ndani ya teksi. Tulitembea ufukweni kwa miguu, mkono mmoja majahazi na meli bandarini, mkono mwingine nyumba nyeupe zenye roshani, na juu ya jabali ngome ya Matrah iliyojengwa na Wareno katika karne ya kumi na sita. Mbele zaidi, juu ya kilima cha Riyam, limesimamishwa jengo jeupe lenye umbo la chetezo, kubwa kuliko nyumba. Binti akacheka, akasema, "Chetezo hiki chataka makaa ya mji mzima." Bwana alimtazama kama mtu aliyesikia sauti aliyokuwa ameisahau.

Kisha tukaingia sokoni. Soko la Matrah wenyewe huliita Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake vimefunikwa na jua haliingii. Kwa harufu peke yake, mtu wa Mji wa Kale atajiona yuko kwao: ubani, udi, karafuu, iliki na kahawa. Kofia zimepangwa ukutani, zimetarizwa kwa mkono, na binti wa Mombasa hahitaji kufundishwa kuzitambua. Alisimama kwenye duka la ubani, akamnong'oneza mumewe kwa Kiswahili kuwa bei imezidi. Mara ikatoka sauti nyuma yetu: "Mwanangu, usiununue huo, rangi yake imekufa. Wa Dhofari ulio mzuri huwa mweupe wa kijanikijani, wapenya mwanga. Njoo nikuonyeshe."

Alikuwa bibi mtu mzima, amejifunika vizuri, fimbo mkononi. Amezaliwa Unguja. Aliondoka akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964, wakahangaika katika nchi nyingine za Ghuba, na baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje, jamaa zake wakarejea. Watu wa namna yake wako wengi Maskati, na Kiswahili utakisikia hospitalini, maofisini na sokoni. Msomaji asishangae, twaishi kando ya ushahidi wa udugu huo kila siku. Tulisimama tukazungumza mpaka magharibi. Aliposikia kuwa binti ni mwalimu, alisema, "Kiswahili changu kimezeeka pamoja nami. Wajukuu wanakisikia, hawakijibu." Akatualika nyumbani kwake Jumanne.

Jumanne ile ilileta kahawa chungu na tende, kisha haluwa ya samli na zafarani, ambayo haluwa yetu ya Mombasa ni dada yake wa tumbo moja. Wajukuu watano waliketi mkekani, na kabla sijamaliza kikombe cha pili binti alikuwa amekwisha wafundisha kuhesabu hadi kumi na kuamkia shikamoo. Hapakuwa na mshahara wala mkataba. Ni mgeni anayezungumza na watoto wa nyumba iliyomkaribisha. Tulipotoka, mdogo wao alimkimbilia hadi mlangoni akamwita, "Mwalimu!" Binti hakusema kitu njia nzima. Nadhani msomaji anaelewa kwa nini.

Ijumaa ya pili bwana alikodi gari, na baada ya swala ya alfajiri tukashika njia ya Nizwa, kadiri ya kilomita 160 ndani ya nchi. Kule husimama mnada wa mifugo kila Ijumaa asubuhi. Wenye mbuzi huwazungusha kwa kamba katika duara, wanunuzi wameketi kandokando, huyu apapasa mgongo, yule atazama meno, na bei hupaazwa kwa sauti. Wanawake wa vijijini wamo, wananunua na kuuza kwa ujasiri. Karibu na hapo ipo ngome ya Nizwa na mnara wake mkubwa wa mviringo, uliojengwa katika karne ya kumi na saba na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka wa 1650. Mwanawe, Imamu Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome yetu ya Mombasa mwaka wa 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Bwana, ambaye utotoni alikuwa akicheza mpira chini ya kuta za Ngome, aliuegemea ukuta wa Nizwa kimya kwa muda mrefu. Baadaye alimwambia mkewe, "Hatukuja mbali kama nilivyodhani."

Tuliswali Ijumaa hapo hapo. Nitaje jambo moja kwa faida ya wasafiri: Waomani wengi ni wa madhehebu ya Ibadhi. Huswali wameshusha mikono, wala hawaitikii "amin" baada ya Alhamdu. Kijana wetu wa Kishafii aliniuliza afanye nini. Nilimjibu aswali kama alivyofunzwa, kwa adabu na kwa sauti ya chini, na asimnyooshee kidole mwenyeji wake. Katika siku kumi zile nilikunja mikono yangu baina ya watu walioshusha yao, na hakuna aliyenitazama kwa jicho baya.

Jioni, kabla ya kurejea, tulisimama kwenye mfereji wa Daris. Omani haina mito itiririkayo mwaka mzima, basi tangu zama za kale wamechimba mifereji iitwayo falaj, inayochukua maji mlimani na ardhini na kuyaleta mashambani kwa mteremko peke yake, bila pampu. Mwaka wa 2006 mitano kati yake, Daris ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini lililonivutia ni ugawaji wake. Maji ya kunywa hutangulia, kisha kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa wakati: mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Kipimo kimoja huitwa athar, kama nusu saa. Mwenye athar moja hupata nusu saa ya maji, hata akiwa maskini wa kijiji. Na zamu yake ikifika, tajiri hufunga mlango wa shamba lake.

Watoto walikuwa wakichezesha miguu majini. Bwana alikaa ukingoni, akasema taratibu, "Sheikh, mimi nilikuwa nikimwachia maji yanayobaki." Sikuongeza neno. Binti alikuwa ameshusha miguu majini karibu yake, na alimsikia.

Usiku huo walikubaliana mambo matatu, na hawakuniomba niyaandike. Niliyasikia tu nikipanga sanduku langu. Kila Ijumaa baada ya swala ni yao wawili, na atakayechagua pa kwenda ni kwa zamu. Simu hubaki mfukoni isipokuwa kwa wazazi. Na hesabu ya mshahara hufanywa juu ya meza, wote wawili wakiwa wameketi.

Tangu hapo hunitumia picha. Wameswali katika Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka wa 2001, wenye zulia moja lililofumwa na wanawake wa Kiirani mia sita kwa miaka minne. Binti aliniandikia kuwa alisujudu juu yake akiwafikiria wale wanawake na vidole vyao. Wamekwenda njia ya Sur, wakashuka ngazi za Hawiyat Najm, shimo kubwa lililobomoka ndani ya mwamba, chini yake maji ya samawati. Na Ijumaa nyingine, bwana aliponong'ona kuwa mwezi umekwisha na mfuko umekauka, walichukua mkeka, chupa ya chai na mahamri aliyopika binti, wakakaa ufukweni Matrah mpaka isha. Gharama yake ilikuwa nauli ya basi. Hiyo, anasema, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.

Nisiwapake rangi kuliko walivyo. Joto la Juni lilirudi, na binti alilia tena. Ilifika wiki bwana akashikwa na kazi Ijumaa mbili mfululizo, wakagombana. Mama wa binti ni mgonjwa wa sukari, na kila simu ya usiku huwashtua. Mkataba ulipokaribia kwisha, bwana alitakiwa atie sahihi ya miaka miwili mingine. Mwanzoni, wakati wa kuja, alitia sahihi kisha ndipo akamwarifu mkewe. Safari hii aliileta karatasi nyumbani bila sahihi, akaiweka mezani, akasema, "Wewe waonaje?" Binti alikaa nayo siku tatu. Kisha akasema mwaka mmoja, si miwili, na mwezi mzima kwa mamake kabla haujaanza. Bwana akaenda kwa mwajiri akaomba hivyo, akakubaliwa, alhamdulillahi. Lakini aliniambia, "Hata wangekataa, Sheikh, ningerudi naye."

Basi enyi wazazi, mkija kuniuliza habari ya barua za kazi, nami nitawauliza yangu. Binti ataweza kufanya nini kwa sheria za huko? Nyumba iko karibu na nani? Basi liko? Mume amekubali siku gani iwe ya mkewe? Nanyi waume mlioko Maskati, Doha, Jidda au hata Nairobi, msidhani kuwa nyumba yenye mchele na mafuta imetimia. Mwenyezi Mungu, katika Suratur Rum, ametutajia utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara zake. Na ishara haionekani na aliyelala. Nanyi mabinti, mkiulizwa na masheikh zenu kama mwapigwa au mwanyimwa chakula, na jibu likawa hapana, msiache kuutaja ugonjwa wenyewe. Semeni, "Nahesabu adhana." Inshallah tutajifunza kusikia.

Binti yuko Mombasa mwezi huu, kwa mamake. Juzi alipita madrasani, akaketi na watoto wa juzuu amma kama zamani. Nilimuuliza anarejea lini. Akasema, "Jumatano, Maalim. Ijumaa ni zamu yangu kuchagua."

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awape sakina katika majumba yao, na awarejeshe kwa wazazi wao salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.